Swali Si Ukafiri: Imani na Falsafa Ndani ya Nyumba Moja

(Mazungumzo na vijana, wazazi na walimu wa madrasa, Migori na Homa Bay)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Naanza na kijana mmoja. Jina lake silitaji. Yuko shule ya upili huku Homa Bay. Siku moja mwalimu aliwafundisha juu ya Rusinga, kisiwa chetu hiki hiki, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Ni kiumbe wa jamii ya nyani, na wataalamu wanasema aliishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Jioni kijana akaenda madrasa na swali lake: "Ustadh, hii na habari ya Nabii Adam zinakaaje pamoja?" Akajibiwa kwamba hizo ni falsafa za makafiri, na akiuliza tena asirudi.

Basi hakurudi.

Sasa nawauliza. Pale tulilinda imani, ama tulipoteza kijana?

Watu wengi wakisikia "falsafa" wanafikiri ni jina lingine la kumkana Mungu. Hapana. Falsafa ni kuuliza kwa utaratibu: unalijuaje hilo? Neno hili lina maana gani? Ukisema hivi, kesho utalazimika kusema nini? Mtu anaweza kuuliza hivyo akiwa hana imani, na anaweza kuuliza hivyo akiwa ametoka kuswali Alfajiri.

Tumtazame Nabii Ibrahim, alayhi salaam. Katika Suratul Baqara, aya ya 260, anamwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyofufua wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Ndugu zangu, huyo ni Khalilullahi, rafiki wa Mwenyezi Mungu. Aliuliza, na hakufukuzwa. Alijibiwa kwa kuonyeshwa. Sisi ni nani tufukuze mtoto wa kidato cha tatu?

Wengine wataniambia: lakini Imam Ghazali aliwapinga wanafalsafa! Ni kweli. Mwaka 1095 alimaliza kitabu kizima cha kuwabomoa, Tahafut al-Falasifa. Katika mambo matatu alisema wamevuka mpaka wa Uislamu: waliposema ulimwengu hauna mwanzo, waliposema Mungu hajui mambo madogo madogo moja moja, na walipokana kufufuliwa kwa miili. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba hakuna ugomvi kabisa. Upo, na ni mzito.

Lakini soma mwanzo wa kitabu hicho hicho. Anatoa mfano wa kupatwa kwa jua na mwezi. Anasema hesabu za wataalamu wa nyota kuhusu jambo hilo zina ushahidi, na anayedhani ni wajibu wa dini kuzipinga, huyo anaidhuru dini yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuujua ushahidi hatautilia shaka ushahidi. Ataitilia shaka dini. Wengi wenu mnakumbuka 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa na sisi huku tukaona sehemu kubwa yake imefunikwa. Ile siku na saa zilijulikana mapema. Je, kuna Mwislamu aliyepoteza imani kwa sababu hesabu ilitimia?

Na kabla ya Ghazali, tuna Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Angekuwa mtafuta sifa angenyamaza tu. Badala yake aliwasahihisha: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Akiwa na uchungu wa mtoto kifuani, aliwakataza watu wasiamini jambo la uongo hata kama lilimtukuza yeye.

Baada ya Ghazali akaja Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki 1198. Huyu alimjibu Ghazali kitabu kwa kitabu. Na alikuwa nani? Kadhi. Ndiye mwandishi wa Bidayat al-Mujtahid, kitabu cha fikihi ambacho masheikh wanakisoma mpaka leo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: ukweli haupingani na ukweli. Ukiona aya na ushahidi uliothibiti vinagongana, ama hujaielewa aya, ama hujauelewa ushahidi. Rudi ukasome tena.

Mnaona? Hawa wawili walitofautiana vikali, na wote tunawasoma. Ghazali mwenyewe aliiacha mantiki ibaki, akaitumia katika usuli wa fikihi.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna watakaosema haya ni mambo ya Waarabu na Wazungu. Miaka ya 1970 Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza kutembelea wazee vijijini na kuwahoji, kuonyesha kwamba Mwafrika ambaye hakukaa darasa la falsafa naye anafikiri kwa hoja. Kitabu chake kikatoka 1990. Mmoja wa wazee hao ni jaduong' Paul Mbuya Akoko, Mluo. Huyu mzee alitoa hoja kwamba Nyasaye ni mmoja kwa watu wote, si mmoja wa Waluo na mwingine wa Wazungu. Sababu yake? Miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika na kupigana.

Wenye Qur'an mkononi, fungueni Suratul Anbiyaa, aya ya 22. Maana yake ni hiyo hiyo: lau mbinguni na ardhini kungekuwa na miungu mingine, vyote viwili vingeharibika. Wanazuoni wetu wa tauhidi wameijengea aya hiyo milango mizima ya vitabu. Mzee wa Kiluo akaifikia hoja ile kwa akili aliyopewa na Mola wake. Mimi nikiliona hilo imani yangu haipungui. Inaongezeka. Na nikikaa na jirani yangu Mwadventista wa Kendu Bay, au mjomba wangu Mkatoliki, nina mahali pa kuanzia mazungumzo pasipo matusi.

Msinielewe vibaya. Sisemi akili inatosha peke yake. Akili haitakwambia Magharibi ni rakaa tatu. Hilo limekuja kwa wahyi, nasi tumesikia na tumetii. Lakini akili ndiyo inayokutofautishia aliyeleta wahyi na tapeli anayedai kaletewa.

Na hapa ndipo penye hatari yenyewe. Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Mkadhani ni mbali? Aprili 2025, hapa hapa Migori, Opapo, polisi waliwatoa watu zaidi ya 50 waliokuwa wakiishi ndani ya kanisa moja. Na tusiwanyooshee Wakristo kidole. Sisi pia tumezika vijana waliodanganywa na watu wenye aya mbili na simu ya mkononi. Kijana aliyezoea kuuliza "ushahidi wako ni upi?" ni mgumu kudanganywa. Kijana tuliyemfunga mdomo, atauliza kwingine, na hatujui nani atamjibu.

Sisi kama watetezi wa haki, tukienda kortini kumtetea binti avae hijabu shuleni, tunasimama juu ya Kifungu cha 32 cha Katiba. Kifungu hicho kinalinda dini, na hapo hapo kinalinda dhamiri, fikra na maoni. Hatuwezi kukidai mbele ya serikali halafu tukamnyima mtoto wetu ndani ya msikiti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila madrasa itenge saa moja kwa wiki ya maswali, na swali lolote lenye adabu lisikilizwe. Pili, ustadh asiyejua aseme "sijui, Allahu a'lam, nitauliza". Imam Malik alisema sijui, na hakupungukiwa. Tatu, vijana, nanyi muulize ili mjue, msiulize ili mumwaibishe mzee.

Na yule kijana wa Homa Bay? Nilimwambia ukweli: umri wa mfupa ni swali la ushahidi, nani aliyeumba ni swali jingine, na namna viwili hivyo vinavyokutana kwa Nabii Adam wanazuoni wa leo wenyewe wanajadiliana. Jibu kamili sikuwa nalo. Lakini Ijumaa iliyofuata nilimwona safu ya pili.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na nyoyo zilizotulia. Amin.