Mwili Huu Ndio Unaobeba Huduma

Nawasalimu wachungaji, wazee wa kanisa, mama zetu wa maombi, vijana, na ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka Kirehe na Muyinga kuja kusherehekea pamoja na sisi wa Ngara. Nimeombwa niseme juu ya mazoezi kadiri umri unavyokwenda. Mimi si daktari, cheti changu ni cha chuo cha Biblia. Nitasema yaliyonipata na yale niliyofundishwa kliniki.

Mwaka juzi tulimzika mwinjilisti mwenzetu aliyeondoka kwa kiharusi. Njia ya makaburini ni mlima, mnaijua milima yetu. Nikashika jeneza mbele. Hatua kama mia moja tu, nahema, macho yanaona giza, nikaomba mtu anipokee. Aliyenipokea ni mzee wa kanisa wa miaka 67, mkulima wa migomba, akalibeba mpaka kaburini. Mimi nilikuwa na miaka 44. Jamani, niliona aibu.

Wiki ile ile nikaenda kupima. Presha 162 kwa 104. Muuguzi akaniuliza, mtumishi, kwa siku unatembea kiasi gani? Nikaanza kuhesabu: nyumbani hadi kanisani pikipiki, kanisani hadi sokoni pikipiki, kwenye mikutano gari. Kutembea kwangu kulikuwa jukwaani tu, nikihubiri.

Wenye umri mnakumbuka tulivyoanza. Watu walipanda kwa miguu kutoka darajani Rusumo, mkeka kichwani, mtoto mgongoni, na usiku wakakesha. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Sasa Mungu ametubariki, tuna bodaboda na Hiace. Miguu imepumzika, ila wali na chapati za semina havijapumzika.

Kuna wapendwa wakimwona mtu anatembea asubuhi wanamtolea andiko la Paulo kwa Timotheo, lile linalolinganisha mazoezi ya mwili na utauwa. Sawa, nalipokea. Lakini Paulo huyo huyo, someni Matendo 20, wenzake walipopanda merikebu kwenda Aso yeye alikwenda kwa miguu. Hakuhitaji kukumbushwa kutembea. Sisi tunahitaji.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Gawa mwenyewe: nusu saa, siku tano. Unaweza kupata dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Kipimo cha mwendo ni hiki: unaweza kuongea na mwenzako, lakini ukianzisha pambio pumzi inakatika. Kama pambio linatoka mpaka kiitikio, ongeza mwendo.

Dada zangu mnaolima mtaniuliza, jembe halijatosha? Limetosha. Jembe na ndoo ya maji kichwani ni mazoezi, nyie nyoosheni mgongo mpumzike. Nasema na wachungaji, waimbaji, wenye maduka, madereva, na sisi wa semina kila mwezi.

Kwa wazee, kutembea peke yake hakutoshi. Misuli hupungua miaka ikienda, na ya mapaja ndiyo inayokuinua chooni, mkekani na kwenye magoti. Mama mmoja wa maombi aliacha kupiga magoti. Tukadhani amepoa kiroho, kumbe akipiga magoti nyumbani hakuna wa kumwinua. Tukamwonyesha zoezi la kiti: kaa kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, simama bila kushika kitu, kaa polepole. Mara tano, pumzika, rudia. Akiwa hawezi, ashike meza kwanza. Baada ya miezi mitatu alipiga magoti akainuka mwenyewe kwa kushika benchi, na mimi nilikuwepo. Halafu unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja, mkono uwe karibu na ukuta. Unaona kama mchezo, lakini mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama zamani.

Sasa nitasema neno ambalo wengine hawatalipenda. Yule mwinjilisti tuliyemzika alikuwa ameacha vidonge vya presha miezi minne. Aliombewa, akajisikia mzima, akashuhudia. Tukashangilia. Na mimi nilipiga makofi. Hakuna aliyemuuliza, ndugu, umepima? Naamini uponyaji, nimeuona kwa macho yangu. Lakini aliyepona hapungukiwi kitu akipimwa. Msiache dawa kwa sababu mmeombewa, wala kwa sababu mmeanza kutembea. Presha ikishuka, daktari ndiye atakayepunguza. Mimi leo nina 132 kwa 84, natembea kila siku, na kidonge kimoja bado nameza. Mwenye kisukari asifunge wala asianze mazoezi mazito kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka akaanguka. Na ukisikia kifua kinabana unapotembea, simama hapo hapo, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu wa Rwanda wametutangulia: Kigali, tangu 2016, kuna Jumapili asubuhi ambazo barabara hufungwa kwa magari ili watu wakimbie na kutembea. Najua Jumapili inagongana na ibada, hilo mnalijua wenyewe. Ninyi wa Burundi mna Jumamosi zenu za kupanda milima mkikimbia. Sisi wa Ngara milima tunayo, tunaipanda kwa pikipiki.

Kwa hiyo kesho, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya maombi, tunatoka getini hapa kwa miguu mpaka njia panda na kurudi. Kitenge na kandambili si tatizo, ila mwenye raba avae. Wasioweza mlima watazunguka uwanja wa kanisa. Mimi nitakuwa nyuma kabisa, pamoja na wanaokwenda polepole.