Hando la Bibi: Litafutwe kwa Heshima



Sherehe za utamaduni zinapokaribia, vijana wengi hutafuta hando la kuvaa. Wengine huzunguka sokoni, lakini hando la zamani halipatikani kwenye marobota ya mitumba. Likiwapo, limo ndani ya sanduku la bibi.

Hando ni sketi ya mama wa Kigiriama. Hushonwa kwa kitambaa chepesi cha pamba chenye marinda mengi, kikafungwa kiunoni, na juu yake huvaliwa leso. Kitambaa kilichotumika sana ni marekani, kilichopata jina hilo kwa sababu kililetwa pwani kutoka Marekani katika karne ya 19. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, alizaliwa Mtsara wa Tsatsu, hapa hapa Ganze. Hadi leo, anayemuigiza jukwaani huvaa hando.

Hata hivyo, sanduku lisifunguliwe bila mwenyewe kuwapo. Kijana aketi na bibi, tena barazani watu wakiona, amuulize: Hando hili lilishonwa na nani? Lilivaliwa arusini au matangani? Shanga hizi zina maana gani? Majibu yaandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mwenye hando.

Jambo hili si dogo. Katika kaunti hii wazee wameuawa, na wengine kufukuzwa makwao, kwa kusingiziwa uchawi. Kaya Godoma, Ganze, imekuwa kimbilio lao. Mzee akishaogopwa, hata nguo na shanga zake huogopwa, zikatupwa au kuchomwa. Bibi anayeulizwa habari zake na wajukuu mbele ya majirani hana siri ya kusingiziwa.

Hando likipatikana, lisitiwe dawa ya kung'arishia nguo. Likung'utwe taratibu, lianikwe kivulini, kisha likunjwe ndani ya kitambaa safi cha pamba. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuleta ukungu. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa.

Akija mnunuzi na pesa mkononi, familia ishauriane kwanza. Vigango viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilikutwa katika makumbusho ya Marekani, na havikurudi kwa wenyewe hadi mwaka 2007. Anayehitaji vazi la kuchezea ngoma amwendee mama anayejua kushona, amshonee jipya kwa kufuata la zamani. Hivyo fundi hupata riziki, na la bibi hubaki nyumbani.

Jioni ya leo, kabla ya kwenda sokoni, kila kijana aanze kwa kumwamkia bibi yake.