Shimo Nalo Lina Habari

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya mashimo. Msicheke. Tukitaka kumbukumbu, sisi hufikiria kusimamisha kitu: mnara, jiwe la msingi, kibao cha kikundi. Lakini mchongaji hupata sura kwa kuondoa. Ardhi nayo huchongwa hivyo.

Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill. Ubavuni mwa kilima mna mabonde ya duara yaliyoota majani, yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Mary Leakey alichimba kilimani hapo mwaka 1937 na 1938. Zamani wataalamu walidhani watu waliishi ndani ya mashimo haya. Katika miaka ya 1980 John Sutton alichimba tena, ikaonekana ni mazizi ya ng'ombe. Nyumba ilikuwa kando. Samadi ilitupwa nje ya mlango, upande wa chini, hata ikawa lundo. Nyumba imeoza, ng'ombe hawapo, zizi tupu ndilo linaloeleza yote.

Tena, kwenye miamba ya hapo kumechongwa vishimo vya bao. Tia kidole, utajua watu hawa walipumzika pia.

Jirani zetu Tanzania wana Laetoli, ambako mwaka 1978 zilichimbuliwa nyayo zenye miaka kama milioni 3.6, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano. Mguu ulikwenda, nafasi yake ikabaki.

Sasa tuungame. Kikundi kimoja kilituuliza kuhusu mashimo ya namna hii shambani mwao. Tukawaambia, "Fukieni, pandeni viazi." Wakafukia. Mzee mmoja alinyamaza tu, baadaye akatuambia, "Mmefuta barua kabla ya kuisoma." Alisema kweli, na viazi havirudishi kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kusawazisha, waulizeni wazee, kisha wapelekeeni habari watu wa Makumbusho. Sheria ya mwaka 2006 inalinda mabaki haya.

Na sisi je? Tunaacha machimbo ya mawe yaliyo wazi, yanajaa maji na watoto wanacheza kando. Tunaacha korongo pale ng'ombe wanaposhukia mtoni. Hizo nazo ni alama zetu.

Mjadiliane kikundini:
1. Ni mashimo gani kijijini kwetu, na nani aliyachimba?
2. Lipi tulinde, na lipi tulizungushie ua wiki hii?