Kubaki, Kurudi au Kuhama: Uamuzi wa Wakimbizi wa 1972

Mwaka 2007 Warundi wapatao 218,000, wakazi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu magharibi mwa Tanzania, waliwekewa swali moja: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania kwa tajnisi. Si kawaida serikali kuuliza umati wa wakimbizi swali la namna hiyo. Aghalabu huamua yenyewe, kisha ikatangaza. Ndiyo maana tukio hili ni mahali pazuri pa kuchunguza jinsi watu wanavyoamua kubaki au kuondoka maisha yanapofika njia panda.

Wazee wao walikimbia mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi. Makadirio mengi ya waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu. Waliovuka mpaka walipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba, karibu na Mpanda. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978, Ulyankulu ilipozidiwa na watu. Palikuwa pori. Miaka michache baadaye palikuwa mashamba ya mahindi, mihogo na tumbaku, na kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania.

Walipoulizwa, takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia. Ni rahisi kusema kwamba walikuwa wameizoea Tanzania, na jibu hilo lina ukweli wake: wengi walikuwa wamezaliwa humo humo, wakasoma kwa Kiswahili, na Burundi waliijua kwa masimulizi tu. Lakini mazoea peke yake hayatoshi kueleza. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wa Mishamo wakijihesabu kuwa taifa lililo uhamishoni, linalongoja siku ya kurudi. Wale waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma hawakuwa na hamu hiyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo waliokaa pamoja porini, waliohitaji kibali ili kutoka nje ya makazi, ndio walioishikilia Burundi kwa nguvu zaidi. Na bado, miaka 20 baadaye, wengi wa watu wa makazi waliomba kubaki.

Kilichobadilika kati ya nyakati hizo mbili kinaonekana vizuri zaidi ukitazama ardhi. Mashamba ya waliokimbia, hasa ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac wenye michikichi, yalikuwa yamegawiwa wengine zamani. Sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986 ilimlinda aliyekalia shamba miaka 30 bila kupingwa. Hesabu yake ni fupi: 1972 ukiongeza 30 ni 2002, na wakimbizi walianza kurudi kwa wingi baada ya hapo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitambua haki yao ya kurudishiwa mali, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine kushughulikia migogoro. Katika miaka yake ya mwanzo mara nyingi tume iliwashawishi mkimbizi na mkaaji wagawane shamba. Kwa mzee aliyeacha shamba kubwa la michikichi, nusu ya shamba ni kitu. Kwa kijana mwenye ndugu saba wanaotazamia urithi ule ule, ni karibu na hakuna. Asiye na shamba kabisa alipelekwa kwenye vijiji vya amani, pa kuishi bila pa kulima vya kutosha. Shule nazo zilikuwa kikwazo: mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kiswahili alikuta Kifaransa kinamngoja.

Hivyo familia nyingi hazikuamua kama mwili mmoja. Mzee alirudi kudai shamba, mwana akabaki na bani la tumbaku. Wako walioliona hilo kama kusitasita. Kwa kweli ni busara ya mkulima asiyeweka mbegu zote katika bonde moja.

Sharti lililofuata ndilo lililovuruga hesabu zote. Maombi yapatayo 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010, lakini mpango wa awali ulitaka raia wapya waondoke makazini na kutawanywa katika mikoa 16. Aliyechagua kubaki aliambiwa ahame. Alikuwa ameukana uraia wa Burundi, cheti cha Tanzania hakijafika mkononi, na nyumba anayoishi haijulikani itakuwa ya nani mwaka ujao. Katika hali hiyo nani angepiga bati jipya, au kupanda miembe? Kwa mkulima, kubaki ni kubaki juu ya ardhi fulani, karibu na kaburi la baba na kanisa alilolijenga kwa nguvu zake. Jina la nchi huja baada ya hapo. Mpango ulifuata mpangilio uliopinduka: ulimuuliza mtu anataka kuwa wa taifa gani kabla ya kumweleza atalima wapi. Kosa hilo lilikuwa la waliotunga swali. Waliojibu hawakuwa na lawama.

Mpango wa kuwahamisha ulisitishwa, kisha ukaachwa. Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kugawiwa, na wenye navyo wakaruhusiwa kuendelea kuishi walipo. Raia wa tajnisi bado yuko chini kidogo ya mzaliwa, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya 1995 inaruhusu tajnisi kufutwa kwa sababu zilizotajwa. Ila mtoto anayezaliwa leo Katumba kwa mzazi mwenye cheti hicho ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa.