Saa Mbili za Mtoto



Ukiamkia Kakola, mji uliokua ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu wilayani Kahama, utawaona akina mama wa aina mbili wakielekea kazini. Wa kwanza ni mama lishe, mwenye sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Wa pili ana ajira: mpishi, mfua nguo au karani. Huyu mgongo wake ni mtupu. Mtoto wa miezi minane amebaki kwa bibi au kwa yaya.

Leo nazungumza zaidi na huyu wa pili, pamoja na mwajiri na mume wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hesabu ni rahisi: likizo inakwisha kabla mtoto hajafika hata miezi mitatu.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe katika muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hii ni haki, si hisani ya msimamizi. Lakini kama mtoto yuko mbali na kazini, saa hizo zinaishia barabarani. Matokeo yake mama anakaa zamu nzima, maziwa yanamvuja kifuani, na nyumbani mtoto anapewa uji mwepesi kama maji ya mchele.

Hapo ndipo kukamua kunaposaidia. Si lazima ununue mashine. Nawa mikono kwa sabuni, kamua kwa mkono kwenye kikombe safi, funika. Maziwa hayo hukaa saa nne kama joto halizidi nyuzi 25, na mchana wa Kahama huzidi hapo mara nyingi. Kwa hiyo tafuta jokofu, ambamo hukaa hadi siku nne. Mtoto apewe kwa kikombe, si kwa chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha. Na usipokamua kazini, mwili utadhani mtoto hayupo, na maziwa yatapungua.

Kuna wanaosema, "Mtoto anakula sasa, ziwa la nini?" Wanakosea. Katika umri huu chakula kinakuja kuongeza, hakiji kumfukuza mama. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, ukirudi, na usiku. Katikati, bibi ampe maziwa uliyokamua na milo miwili au mitatu. Akifika miezi tisa iwe mitatu au minne. Uji uwe mzito, usidondoke haraka kwenye kijiko, utiwe karanga zilizosagwa au unga wa dagaa wa Ziwa Victoria. Viazi vitamu, maboga, maharage na mayai vipo sokoni. Tusimjaze mtoto maji ya moto yenye sukari tukayaita uji.

Na yule mama lishe? Yeye mtoto yuko naye, lakini hana mwajiri wa kumdai saa mbili. Wenzake wanaochenjua dhahabu kwa zebaki wako hatarini zaidi. Mvuke wa zebaki inapochomwa humdhuru mtoto. Asipelekwe kabisa mahali hapo, na mama aoge na kubadili nguo kabla ya kumnyonyesha. Hawa wanahitaji serikali ya kijiji na wenye maduara wawatengee kibanda cha watoto, mbali na moto na vumbi.

Kwa mwajiri nasema hivi: chumba kimoja chenye mlango, kiti, maji na jokofu dogo si gharama ya kumshinda mtu anayechimba dhahabu. Kwa mume: mayu akirudi amechoka, wewe saga karanga, osha vikombe, pika huo uji. Hakuna mila inayovunjika.

Saa mbili zimeandikwa tangu mwaka 2004. Tuhakikishe zinamfikia mwenyewe, ambaye bado hajui kusema.