Almasi iliyo mkononi mwa fundi

Mtu akitamka neno almasi hapa Tabora, mawazo ya wengi hukimbilia Mwadui, na kutoka Mwadui huruka moja kwa moja hadi kwenye pete ya bibi harusi wa tajiri. Leo naomba tuiweke pete kando. Nataka tuzungumze juu ya almasi inayofanya kazi, na juu ya vilima vitatu vya mkoani mwetu ambavyo wataalamu wa miamba wa nchi za mbali wanavifahamu kuliko sisi wenyeji.

Nianze na kazi. Majuzi nilimkuta kijana mmoja, fundi wa marumaru, akikata vigae kwa grenda hapa mtaani Mtendeni. Nikamwuliza inakuwaje sahani ya chuma isiyo na meno ikate kitu kigumu namna ile. Akajibu, "Mzee, hii wanaiita diski ya almasi, lakini hilo ni jina la biashara tu."

La hasha, si jina tu. Ukingoni mwa diski ile kuna punje ndogo za almasi zilizoshikamanishwa kwa unga wa metali, na punje hizo ndizo zinazokata. Kijana alikuwa ameshika almasi tangu asubuhi, tena aliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa bei anayoimudu fundi. Nilipomweleza, alizima mashine akaitazama diski yake upande huu na upande huu.

Imekuwaje almasi iwe rahisi hivyo? Jibu ni utafiti wa muda mrefu. Mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier alikusanya mwanga wa jua kwa kioo kikubwa akaiunguza almasi mpaka ikatoweka, ikabaki hewa. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant akathibitisha kwamba almasi ni kaboni tupu. Yaani ni ndugu wa masizi, na ni ndugu wa damu wa kinywe, lile jiwe laini jeusi linalotiwa ndani ya penseli ya mtoto wako. Tofauti yao ni jinsi chembe za kaboni zilivyopangwa. Katika kinywe zimelala matabaka matabaka yanayoteleza. Katika almasi kila chembe imeshikwa na nyingine nne, kila upande.

Wanasayansi wakajiuliza kama upangaji ule waweza kufanywa na binadamu. Desemba 1954, watafiti wa kampuni ya General Electric ya Marekani walifaulu kwa joto kali na mgandamizo mkubwa mno. Leo zaidi ya asilimia 95 ya almasi zinazotumika viwandani hutengenezwa na binadamu. Watafiti wa dhahabu, wale wanaozunguka Nzega na Geita, hutoboa mwamba kwa mirija yenye mdomo wa almasi. Madaktari wa macho hutumia visu vya almasi. Tena almasi hupitisha joto mara tano hivi kuliko shaba, ndiyo maana mafundi wa vifaa vya elektroniki huitumia kupoza sehemu zinazochemka. Na maabara hubana kitu kidogo kati ya ncha mbili za almasi hadi kufikia mgandamizo ule wa katikati ya dunia, kisha huchungulia kupitia almasi yenyewe kuona kinachotokea.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana jambo hili linawaumiza vijana wetu. Wapo wanaozunguka na jiwe lililofungwa katika karatasi ya sigara wakitafuta mnunuzi, na wapo wanaoamini kwamba almasi ya kweli haivunjiki kwa nyundo. Ndugu zangu, almasi hushinda kila jiwe kwa kukwaruza, lakini nyundo huipasua. Atakayelipima jiwe lake halali kwa nyundo atabaki na unga. Wala kukwaruza kioo si ushahidi, kwani hata mawe meupe ya kawaida hukwaruza kioo. Migodini walitumia tabia nyingine ya almasi: haipendi maji, inapenda grisi. Mchanga ulimwagwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yakapita, almasi ikanasa. Siku hizi hutumia pia miale ya eksirei, ambayo hufanya almasi nyingi zing'ae.

Sasa turudi Mwadui. Mgodi ule uligunduliwa mwaka 1940 na mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, Dakta John Williamson. Shimo la miamba yake lina ukubwa wa karibu hekta 146. Miamba hiyo huitwa kimberlaiti, kwa jina la mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Ni mabaki ya volkeno zilizotoka chini sana, zaidi ya kilomita 150, ambako almasi huumbika. Zilipanda kwa kasi zikizoa almasi njiani. Kama zingesuasua, almasi ingeharibika kabla ya kufika juu. Na si kila kimberlaiti ina almasi. Zenye almasi ya kulipa gharama za mgodi ni chache mno.

Karibu kimberlaiti zote duniani ni za kale, makumi ya mamilioni ya miaka na zaidi, nazo mvua na upepo vimekwisha kula vichwa vyake. Mtaalamu huona mizizi tu, kama mtu anayeona kisiki akaulizwa mti ulikuwaje. Isipokuwa hapa kwetu. Magharibi ya mji huu, upande wa Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo ambayo misafara ya pembe iliikatiza ikienda Ujiji, kuna vilima vya Igwisi. Ni volkeno tatu ndogo, zenye kreta zake na lava yake iliyoganda. Mwaka 2012 kundi la watafiti, akiwamo Dakta Shukrani Manya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walipima gesi ya heli inayojikusanya ndani ya fuwele za mwamba zinapopigwa na miale ya anga za juu, wakapata umri wa miaka 12,000 hivi. Hizo ndizo volkeno changa kuliko zote za jamii ya kimberlaiti zinazojulikana duniani. Binadamu walikuwapo Afrika zilipolipuka.

Hakuna mgodi wa almasi Igwisi. Kwa hiyo atakayekuuzia jiwe kwa kisingizio kwamba limetoka huko, mwambie apite. Lakini anayetaka kujua jinsi almasi za Mwadui zilivyopanda hana mahali pazuri zaidi pa kutazama.

Nasema haya kwa sababu ya biashara ilivyo. Oktoba 2022 almasi ya waridi iliyochongwa kutoka jiwe la Mwadui iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Tangu mwaka huohuo bei ya almasi za kawaida imeshuka sana, na sababu mojawapo ni mawe ya pete yanayotengenezwa maabara, ambayo macho matupu hayawezi kuyatofautisha na ya mgodini. Aliyejua kuchimba tu anaumia. Aliyejua jiwe lenyewe ndiye anayeitwa kazini, kulipima, kulitenganisha na la maabara, na kutengeneza diski kama ile ya fundi wetu, ambayo bado tunaiagiza kutoka nje.

Mgeni akifika Tabora tunampeleka Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone, na wanafunzi wetu tunawapeleka huko huko. Sijapata kusikia shule hata moja ya mjini hapa iliyopeleka darasa la jiografia Igwisi, na reli ya Kigoma inapita Urambo.