Mgeni wa Zahanati Anapokaribia Kuondoka



Zahanati nyingi za ufuko wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hata Asembo na Homa Bay, zimekwisha kupokea wageni kutoka nchi za ng'ambo waliojitolea kuwatunza wagonjwa. Wengine hukaa miaka 2, wengine miezi 3 tu. Habari za kufika kwao husimuliwa sana. Za kuondoka kwao husimuliwa kidogo. Lakini siku za mwisho ndizo zinazoonyesha kama kazi ilikuwa ya kudumu au ya kupita.

Sababu yake yaeleweka upesi. Ugonjwa una hesabu yake ya siku, na mgeni ana yake, wala hesabu hizo mbili hazilingani. Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida hunywa dawa kwa miezi 6. Akiacha katikati kwa kuwa amepata nafuu, ugonjwa huweza kurudi, tena ukiwa na nguvu ya kuzishinda dawa zile zile. Mwenye virusi vya Ukimwi hunywa dawa maisha yake yote. Mama huchukua mimba miezi 9, kisha mtoto huhitaji chanjo hata apite umri wa mwaka. Basi mgeni wa miezi 3 huanza mengi asiyoweza kuyamaliza. Mgonjwa aliyezoea uso wake na sauti yake, akifika siku moja na kuambiwa kwamba mganga amekwenda kwao, huenda akarudi nyumbani asionekane tena.

Watu wa Kisumu wana mfano mbele ya macho yao. Hospitali kubwa ya mji, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovyeti, ikafunguliwa mwaka 1969. Wenyeji wameendelea kuiita "Russia", ingawa nchi ile ya Kisovyeti yenyewe ilivunjika mwaka 1991. Wajenzi walikwenda zao. Hospitali inaendelea kwa sababu Wakenya walijifunza kazi yake.

Mfano wa pili watoka Saradidi, katika Asembo. Huko, katika miaka ya 1970, Dakta Dan Kaseje, Mkenya, alianzisha pamoja na wanavijiji mpango wa afya. Watu waliwachagua wenzao, nao wakafundishwa kutambua magonjwa ya kawaida na kuwapa klorokwini wenye malaria. Wajaluo humwita msaidizi wa namna hiyo nyamrerwa. Wasaidizi hao hawakuwa na safari ya kurudi popote, maana walikuwa kwao. Baadaye klorokwini ilishindwa na vijidudu vya malaria, lakini desturi ya kumchagua mtu wa kijijini haikushindwa. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilituma vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000.

Basi, mgeni afanyeje majuma yake ya mwisho?

Kwanza, awaambie wagonjwa mapema siku atakayoondoka, na amkutanishe kila mmoja wao na muuguzi atakayemtunza, wakiwa wameketi pamoja watatu.

Pili, habari za mgonjwa aziandike katika daftari la zahanati, si katika lake mwenyewe: dawa gani, tarehe gani, kijiji gani.

Tatu, kazi aliyokuwa akiifanya peke yake aiache mikononi mwa mwenyeji kabla ya kuondoka, naye awe mtazamaji. Makosa yakitokea, bado upo wakati wa kufundisha.

Nne, asitoe ahadi za dawa au za karo kwa sababu ya huzuni ya kuagana. Ahadi isiyotimizwa huwavunja moyo watu, hata mgeni mwingine akija wasimwamini.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Haifai kungoja mgeni afunge mizigo ndipo iulizwe funguo za kabati ziko wapi. Kamati ya zahanati yapasa imwulize mapema: Kazi hii itashikwa na nani? Dawa zitatoka wapi? Chombo hiki kikiharibika, fundi yuko wapi? Karamu ya samaki na kuon ni heshima njema, lakini sifa za karamuni hazitoshi. Afadhali mgeni aambiwe pia, kwa adabu, mambo ambayo hayakufaa, ili ajaye baada yake asiyarudie.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kupona huko si kwa siku za ugeni tu. Juma la kwanza baada ya mgeni kwenda zake, ikiwa mlango wa zahanati umefunguliwa saa ile ile, daftari li mezani, na mgonjwa wa kifua kikuu amekuja kuchukua vidonge vyake kwa muuguzi anayemjua kwa jina, hapo ndipo itakapojulikana kwamba mgeni na wenyeji wote wawili walifanya kazi njema.